Injini ya hewa haili hewa

Injini ya hewa ni mashine inayosukumwa na hewa iliyoshindiliwa kwenye tangi. Ukiifungulia hutanuka, inasukuma pistoni, kazi inafanyika. Maana ni hiyo tu. Kinachoniumiza ni kusikia kila mara kwamba mashine hizi "zinatumia hewa badala ya mafuta".

Pengine neno la kitaalamu la mashine hizi, nyumatiki, linachangia kosa hilo. Limetokana na pneuma la Kigiriki: pumzi, upepo, pia roho. Kwetu ukoo huo upo vilevile. Roho tumeipata kwa Waarabu, ruh, mzizi mmoja na rih, yaani upepo. Fundi wa matairi anaposema "nijaze upepo" hakosei hata kidogo. Ila upepo wa tanga la jahazi huvuma wenyewe. Wa kwenye tangi lazima mtu aushindilie, na kushindilia kunataka nguvu.

Tazama handaki la Mont Cenis, kati ya Ufaransa na Italia. Kazi ilianza 1857 kwa nyundo na baruti. Injini ya mvuke isingeweza kuingizwa ndani kabisa, moshi wake ungewaua watu. Mwaka 1861 mhandisi Germain Sommeiller akaleta keekee za hewa. Nguvu ilitoka nje, kwenye maji yanayoporomoka mlimani: maji yakashindilia hewa, mabomba yakaipeleka mpaka kwenye mwamba. Ikishapiga mwamba, hewa hiyohiyo wachimbaji waliivuta. Napenda sana sehemu hiyo. Desemba 1870 pande mbili zikakutana, zaidi ya kilomita 12 za mlima zikiwa zimetobolewa.

Tramu za hewa za mhandisi Mékarski pale Nantes, Ufaransa, 1879, nazo hazikutoa moshi barabarani, lakini matangi yao yalijazwa na mitambo ya mvuke. Tena zilibeba maji ya moto ya kupasha hewa, kwa sababu hewa ikitanuka hupoa. Weka kiganja kwenye tundu la spana ya upepo gereji inapofungua nati, utausikia ubaridi huo.

Kwa hiyo ndugu yangu, ukiona jekihama inavunja lami, kusema "inaendeshwa kwa hewa" ni sawa kabisa. Ukitaka kujua inatumia nini, fuata mpira wake wa hewa mpaka mwisho. Utaikuta kompresa, mashine ya kushindilia hewa, inanguruma kando ya barabara, na pembeni yake dumu la dizeli.