Je, wajua mabehewa ya mizigo yalipandishwaje kwenye tishari, chombo bapa cha mizigo kisicho na injini, bandarini New York?

Reli nyingi za mizigo kutoka bara la Marekani ziliishia New Jersey, ukingo wa magharibi wa Mto Hudson. Ng'ambo ni Manhattan, na mbele yake Brooklyn, lakini daraja la treni la karibu, la Poughkeepsie (1889), lilikuwa zaidi ya kilomita 100 kaskazini. Njia za chini ya mto zilizofunguliwa 1910 zilikuwa za abiria. Basi mabehewa yakavushwa mazima, na mzigo wake ndani, juu ya matishari yaliyotandikwa reli.

Kazi ngumu ilikuwa pale reli ya nchi kavu inapokutana na ya majini. Maji ya New York hupanda na kushuka kama mita 1.5, si mengi kwa aliyezoea bamvua (maji makuu) ya Dar, ila reli haivumilii hata kidato kidogo. Kwa hiyo palijengwa daraja lenye bawaba upande wa nchi kavu, na ncha ya pili ikikaa juu ya boya kubwa au ikining'inizwa kwa mitambo. Tishari likiegeshwa, omo yake, yaani ncha ya mbele, ilivutwa kwa winchi hadi igusane na daraja, reli zikalinganishwa, kisha makomeo ya chuma yakasukumwa kufunga viwili hivyo.

Hapo ndipo mabehewa yalisukumwa ndani. Kwenye madaraja ya boya, injini ilibaki nyuma kwa sababu ya uzito wake. Kati yake na mzigo viliwekwa vibehewa bapa vitupu, virefushe mkono wa kusukuma.

Usijaze njia ya reli ya pembeni ya tishari kwa mkupuo. Behewa lililoshiba huweza kufika tani 60. Manne upande mmoja, tishari linalala, daraja linajipinda, makomeo yanabana na magurudumu yanaacha reli kwenye maungio. Ilipakiwa nusu ya njia ya kushoto, kisha ya kulia yote, ndipo kushoto ikamaliziwa. Kushusha kulifuata hesabu hiyohiyo, maana tishari lililopunguziwa upande mmoja hulalia wa pili.

Mwisho breki za mkono zilifungwa, kabari zikapigwa magurudumuni, na tagi, meli ndogo yenye nguvu ya kuvuta na kusukuma, ikafungwa ubavuni kulisukuma tishari. Huduma hiyo ingalipo kati ya Jersey City na Brooklyn. Kwetu, MV Umoja na MV Uhuru huvusha mabehewa Ziwa Victoria; ziwa halina bamvua, lakini kusawazisha mzigo hakuepukiki.