Kuzamia kisiwa cha Saba: watu wanaogopa volkano wakati cha kuogopa kiko kwenye mapafu yao

Kila nikitaja Saba swali la kwanza ni lile lile, si utaungua huko chini? Mtu akisikia kisiwa cha volkano anaona lava nyekundu inaingia baharini na maji yanatokota kama ya ugali. Hapana jamani. Saba ni kisiwa kidogo cha Karibiani kilicho chini ya Uholanzi, kilomita za mraba 13 tu, na ni kweli ni volkano ambayo haijafa, inakadiriwa ililipuka mara ya mwisho kama mwaka 1640 hivi. Ila maji yake ni nyuzi 26 mpaka 29, mtu wa Tanga au Mombasa akiingia anaona yuko kwao. Joto la volkano utalikuta sehemu chache, kwa mfano pale panapoitwa Ladder Labyrinth, unachomeka mkono kwenye mchanga unausikia una moto moto, basi.

Wengine wanadhani Karibiani yote ni fukwe nyeupe, unavaa mtungi wa hewa mgongoni unatembea mpaka maji ya kifua unazama. Saba sio hivyo. Kisiwa kizima ni mlima umesimama baharini, kilele chake Mount Scenery ni kama mita 870 hivi, na chini ya maji mteremko unaendelea, kwahiyo unapanda boti pale bandarini Fort Bay.

Linaloniuma zaidi ni hili la kwamba mawe ya volkano yamekufa, hakuna uhai. Yani ni kinyume kabisa! Tumbawe likiwa bado changa linaelea tu majini linatafuta kitu kigumu cha kujishika, kwenye mchanga litafukiwa, kwenye jiwe la lava linapata makao. Saba kuna minara ya mawe inayopanda kutoka kwenye kina kirefu, mmoja unaitwa Eye of the Needle, ncha yake iko kama mita 27 chini, mkondo unapita hapo unaleta chakula mchana na usiku ndo maana jiwe limevikwa sponji na matumbawe huoni hata weusi wake, chewa na kolekole wanazunguka, na papa wapo ndio, wanapita na safari zao. Na haya hayajabaki yenyewe, tangu 1987 bahari yote inayozunguka kisiwa mpaka kina cha mita 60 ni hifadhi, boti za wazamiaji zinafungwa kwenye maboya badala ya kutupa nanga juu ya miamba, kwa sababu nanga moja inavunja kwa dakika kitu kilichokua miaka na miaka.

Sasa kuna hili la watu kuuita mtungi wa mzamiaji "mtungi wa oksijeni". Hata kwenye taarifa za habari utasikia. Mtungi wa kawaida una hewa hii hii tunayovuta, imeshindiliwa tu, oksijeni kama asilimia 21 na iliyobaki karibu yote ni naitrojeni. Oksijeni tupu ukishuka nayo kupita mita 6 hivi inaweza kugeuka sumu, unapata degedege humo humo majini. Oksijeni tupu inakaa kwenye boti, ni ya kumsaidia mzamiaji aliyeumia.

Halafu sisi wa pwani tumekua tunawaona wavuvi wanabana pumzi wanashuka kufuata pweza, kwahiyo mtu anadhani akiwa na mtungi akibana atatumia hewa kidogo na kukaa sana. Usijaribu kabisa. Ukijaza mapafu mita 10 chini halafu ukapanda umebana, hewa ile inatanuka, ukifika juu inataka nafasi mara mbili, mapafu yanachanika. Unavuta unatoa, polepole, bila kusimama.

Na ile naitrojeni ndo inayoleta kosa ambalo Saba ni rahisi kulifanya. Ukiwa chini inaingia mwilini, kwa mita 30 una kama dakika 20 tu ndo uanze kupanda, na hata ukishatoka bado imebaki inatoka taratibu, ukienda juu kabla haijaisha inageuka mapovu mwilini yanayoumiza viungo. Watu wengi wanajua kwamba usipande ndege mpaka yapite angalau masaa 12 kama umezama mara moja, 18 kama umezama mara nyingi. Wasichofikiria ni kwamba tahadhari hiyo inaanzia kama mita 600 kwenda juu, mwili haujali kama umepanda kwa ndege au kwa miguu, na Mount Scenery inapita hapo. Mtu anazama asubuhi, mchana anapanda zile ngazi 1,064 akapige picha kileleni, halafu usiku viungo vinamuuma anasema ni uchovu wa ngazi. Ukienda, panda mlima siku ya kwanza kabla hujalowa, au uache siku nzima baada ya kuzama mara ya mwisho. Na ukisikia maumivu usinywe panadol ukalala, mwambie kiongozi wako wa kuzamia saa hiyo hiyo akupe oksijeni.