Ukucha mnene wa njano si lazima uwe fangasi

Dhana: Ukucha ukinenepa na kugeuka njano, ni fangasi.
Fangasi huhusika na takribani nusu tu ya kucha zilizoharibika. Zilizobaki ni soriasisi (ugonjwa wa ngozi wenye magamba), viatu vinavyobana, majeraha ya zamani na mengineyo. Soriasisi huacha kwenye ukucha vishimo vidogo kama vya ncha ya sindano, lakini kwa macho peke yake hata daktari mzoefu hukosea. Vidonge vya fangasi vinatumika kwa miezi, kwa hiyo pima kwanza.

Dhana: Kipimo kimesema hakuna fangasi, basi hakuna.
Majibu mengi ya uongo huanzia kwenye mkono wa mchukua sampuli. Kwa kawaida fangasi huingia kwenye ncha na kusonga kuelekea shina, hivyo walio hai wako upande wa shina, sio nchani. Anayekata kipande cha ncha na kukituma maabara ametuma mabaki.

Futa ukucha kwa spiriti ya asilimia 70 na uache ukauke. Kata sehemu iliyobanduka hadi karibu na mpaka wa ukucha mzima, kisha kwangua unga ulio chini yake hapo hapo mpakani. Usione haya kuchukua mwingi. Ufunge kwenye karatasi kavu. Chombo chenye unyevu huotesha bakteria. Maabara hulainisha unga huo kwa potasiamu haidroksaidi ili nyuzi za fangasi zionekane kwenye hadubini, na ukucha huhitaji muda mrefu kulainika kuliko magamba ya ngozi. Kuotesha huchukua hadi wiki 4. Aliyekuwa akipaka dawa ya fangasi aiache wiki 2 kabla ya kupimwa, la sivyo hata sampuli nzuri haitaota kitu.

Dhana: Nimemeza mwezi mzima na ukucha bado mbaya, dawa haifanyi kazi.
Ukucha wa mguu hukua takribani milimita 1.5 kwa mwezi. Sehemu iliyoharibika haigeuki kuwa nzima, inasukumwa nje, na kwa kidole gumba hilo huchukua mwaka hadi mwaka na nusu. Dalili kwamba dawa inafanya kazi ni ukucha safi unaochomoza shinani.

Dozi ya terbinafini, dawa ya fangasi ya kumeza, kwa mtu mzima ni miligramu 250 kila siku: wiki 6 kwa kucha za mikono, 12 kwa za miguu. Utafiti uliochapishwa 1999 katika jarida la kitabibu la BMJ ulilinganisha watu 496 wenye fangasi wa kucha za miguu. Baada ya wiki 72, asilimia 75.7 ya waliomeza terbinafini kila siku kwa wiki 12 walikuwa safi kimaabara, yaani vipimo havikuona fangasi; kwa waliotumia itrakonazoli, dawa nyingine ya fangasi, wiki moja kila mwezi kwa muda huo huo, ni asilimia 38.3. Safi kimaabara, lakini, si sawa na ukucha uliorudi kupendeza.

Ini lipimwe kabla ya kuanza. Mkojo ukiwa mweusi au macho yakiwa ya njano, acha dawa na uende hospitali. Vidonge vya ketokonazoli, dawa nyingine ya fangasi, visitumike kwa kucha kabisa; Ulaya ilivisitisha mwaka 2013 kwa sababu ya ini.

Dhana: Krimu iliyotuliza muwasho ndiyo iliyoponya choa.
Zile krimu za mchanganyiko zina steroidi, dawa inayotuliza muwasho bila kuua fangasi. Muwasho hupungua, duara hupoteza ukingo wake, na fangasi huendelea kutambaa. Mapunye ya kichwani hayaponi kwa krimu yoyote, maana vimelea viko kwenye unywele wenyewe. Mtoto anahitaji dawa ya kumeza, kwa dozi ya uzito wake.

Dhana: Mstari mweusi kwenye ukucha ni damu iliyovilia.
Kwa watu weusi, mistari ya rangi kwenye kucha kadhaa ni kawaida. Wa kuogopwa ni ule ulio peke yake, hasa kidole gumba, unaopanuka au unaomwaga weusi kwenye ngozi ya pembeni. Bob Marley aligunduliwa na melanoma, aina ya saratani ya ngozi, chini ya ukucha wa kidole cha mguu mwaka 1977, akafariki 1981. Damu iliyovilia husogea mbele na ukucha unavyokua. Mstari usiosogea hukatwa kipande kidogo cha nyama shinani ili kipimwe, si kupakwa dawa ya fangasi.