Ganzi mikononi, miguu kukaza: usianzie kwa mkandaji

Tumepokea malalamiko kwamba mgonjwa anafikishwa kliniki ya mgongo hapa Moshi akiwa amebebwa, halafu anaulizwa barua ya rufaa. Hasira hiyo tunaielewa. Ila ukimhoji vizuri, mzee huyo alianza kudondosha kikombe tangu mwaka juzi, na nyumbani wakasema ni uzee.

Ipo sababu moja adimu ya ganzi na udhaifu huo: kano zinazofunga pingili za mgongo kugeuka mfupa. Ikitokea shingoni, mfupa huo hukua taratibu kwa miaka ukiubana mshipa mkuu wa fahamu unaopita ndani ya uti wa mgongo. Ugonjwa huu umechunguzwa sana Japani. Huwapata zaidi wanaume waliovuka miaka 50, na unahusishwa na kisukari na unene. Maumivu yanaweza yasiwepo kabisa. Vidole vinashindwa vifungo vya shati, kandambili inachomoka mguuni mwenyewe hana habari.

Ukanda wetu una jambo la ziada. Baadhi ya maji kuzunguka Mlima Meru yana madini ya floridi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita, na floridi nyingi kwa miaka mingi inaweza kukakamaza mifupa na kano. Hatusemi kila mwenye meno ya kahawia, alama ya floridi nyingi, ana ugonjwa wa mgongo. Wala kuchemsha maji hakuondoi floridi. Tumelisema hili mpaka tumechoka.

Na kinyozi akimaliza kunyoa, asikuzungushe shingo mpaka ilie. Mwenye tatizo hili shingoni anaweza kupooza kwa mtikisiko mdogo tu. Hakuna dawa ya kumeza wala ya kuchua inayoyeyusha mfupa huo. Upasuaji hutanua nafasi ya mshipa huo wa fahamu ili hali isizidi kuharibika. Kilichokwisha kufa hatuahidi kukirudisha.

Utaratibu: anzia kituo cha afya au hospitali ya wilaya. Fomu ya rufaa iwe na jina kama lilivyo kwenye kadi ya bima, maelezo ya daktari, sahihi, tarehe na mhuri unaosomeka. Mhuri uliofifia utakurudisha. Njoo na picha zote za zamani, za eksirei na za CT, pamoja na dawa unazotumia. Mwenye betri ya moyo au chuma mwilini aseme kabla ya kupangiwa MRI, kipimo kinachotumia sumaku kali.

Miguu ikiisha nguvu ghafla, au mkojo ukiziba au kutoka wenyewe, achana na fomu. Nenda moja kwa moja idara ya dharura, shingo ikiwa imetulizwa, na si kwa bodaboda.