Sanamu ya Léopold II mjini Brussels: yasemwayo na yaliyo kweli

Katika uwanja wa Place du Trône, kando ya bustani za kasri la kifalme la Brussels, amesimamishwa Léopold II, mfalme wa zamani wa Ubelgiji, juu ya farasi. Wengi hudhani kwamba mfalme huyo alijijengea kumbukumbu hiyo enzi za uhai wake. Ukweli ni kwamba alifariki Desemba 1909, na sanamu hiyo, kazi ya Thomas Vinçotte, ilizinduliwa mwaka 1926, wakati wa utawala wa Albert I, mtoto wa ndugu yake. Waliomtukuza, basi, ni watu waliokwisha kusikia habari za Wakongo waliolazimishwa kuvuna utomvu wa mpira na waliokatwa mikono, kwa maana kelele za ukatili huo ndizo zilizolilazimisha taifa la Ubelgiji kuichukua Kongo mwaka 1908. Kabla ya hapo, tangu 1885, nchi hiyo haikuwa koloni la Ubelgiji kama inavyosemwa mara nyingi, bali milki ya Léopold binafsi, ingawa yeye mwenyewe hakuwahi kuikanyaga.

Dhana nyingine, ambayo naiona nzito zaidi, ni kwamba habari ya sanamu hiyo kutengenezwa kwa madini ya Kongo ni uzushi wa wanaharakati. Maandishi ya Kifaransa yaliyomo kwenye mnara wenyewe yanakiri kwamba shaba na bati yake vilitoka Kongo ya Wabelgiji, na kwamba vilitolewa bure na kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga. Kampuni hiyo ilichimba shaba katika eneo la Lubumbashi, mji ambao wakati huo uliitwa Élisabethville na ambao wakazi wake wengi huzungumza Kiswahili hadi leo. Ukarimu unaosifiwa hapo ni wa kampuni, wachimbaji hawatajwi.

Tangu Juni 2020 imeenea pia kwamba sanamu hiyo iliondolewa. Iliyoondolewa mwezi huo ni sanamu yake nyingine, ile ya Ekeren, Antwerpen. Hii ya Brussels ilichafuliwa kwa rangi, na waandamanaji waliopinga ubaguzi waliipanda wakiwa na bendera ya Kongo, lakini haikung'olewa.

Mwisho, wapo wanaoamini kwamba nakala yake iliyokuwa Kinshasa iliangushwa na umati siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960. Nakala hiyo, iliyozinduliwa na Albert I mwaka 1928, ilidumu miaka saba baada ya uhuru, hadi serikali ya Mobutu ilipoiondoa mwaka 1967. Mwaka 2005 ilisimamishwa tena katikati ya jiji kwa amri ya waziri wa utamaduni, ikateremshwa haraka kabla watu hawajaizoea, na sasa imehifadhiwa katika bustani ya Mlima Ngaliema, jijini humo.