Kinamasi hakijalala bure

Hapa Kampala, wengi wakiona mafunjo na matope husema eneo hilo limelala bure, na malori ya kifusi hayachelewi kufika. Kumbe kinamasi kinafanya kazi usiku na mchana. Tazama kinamasi cha Nakivubo. Mfereji wake hukusanya maji machafu ya katikati ya jiji na kuyapeleka Ziwa Viktoria, kwenye ghuba ileile ya Murchison ambako mitambo ya Ggaba huchota maji ya bomba tunayokunywa. Kabla maji hayajafika ziwani hupita kwenye mafunjo. Humo hupungua kasi, tope likatuama, na mizizi ikafyonza naitrojeni na fosforasi ambazo zingelisha mwani. Mafunjo yakifyekwa ili kupanda magimbi, maji hupita mbio na uchafu wake.

Mvua nayo hupokewa humo kama kwenye sifongo. Pakijazwa kifusi, maji huingia sebuleni, mara nyingi kwa majirani wa bondeni ambao hawakujaza chochote; hilo ndilo linaloniuma zaidi. Na wanaodai kinamasi hakina mwenyewe wasome Katiba ya mwaka 1995, ibara ya 237: serikali imekabidhiwa vinamasi ivilinde kwa manufaa ya raia wote.