Jiokashi ni nini, na hutafutwaje kwenye maporomoko ya maji?

Jiokashi ni kopo lisilopitisha maji lililofichwa mahali, huku namba za GPS (mfumo wa setilaiti unaoonyesha mahali ulipo) za mahali hapo zikiwekwa mtandaoni ili yeyote akalitafute. Ndani mna daftari dogo. Ukilipata, andika jina na tarehe, lifunge, ulirudishe palepale ulipolikuta.

Mchezo huu ulianza Marekani. Tarehe 2 Mei 2000 serikali ya huko iliacha kuvuruga kwa makusudi mawimbi ya GPS ya raia, ambayo makosa yake yalikuwa yakifika mita 100. Kesho yake Dave Ulmer akaficha ndoo Oregon na kutangaza namba zake.

Namba hizo huandikwa kwa nyuzi na dakika zenye desimali, mfano S 09° 22.350. Wengi hupotea hapa kabla hata hawajafunga kamba za viatu. Ukiingiza -9.22350 kwenye ramani ya simu, utapelekwa zaidi ya kilomita 16 kaskazini mwa kopo. Gawanya 22.350 kwa 60, upate 0.3725, namba sahihi ni -9.3725. Alama ya kutoa ni ya kusini mwa Ikweta. Ukiisahau ukiwa Rungwe, Tanzania, simu itakuonyesha Sudan Kusini.

Kwenye maporomoko kama Kaporogwe, wilayani Rungwe, kuna shida nyingine. Kuta za mwamba huziba sehemu ya anga, na mawimbi mengine hugonga mwamba kwanza ndipo yafike kwenye simu. Mshale wa simu unaoelekeza kwenye kopo huanza kurukaruka: sasa hivi mita 8 kushoto, punde mita 25 ng'ambo ya mto. Usiufuate, maana mawe ya hapo yana utelezi mbaya. Simama penye uwazi, iache simu itulie dakika mbili tatu, usome tena. Zikibaki kama mita 15, itie mfukoni utumie macho: mawe yaliyopangwa kuliko kawaida, shimo kwenye shina, gome lililoegeshwa. Chokoa kwa fimbo kabla ya kuingiza mkono. Nyoka nao hupenda mashimo hayo.

Anayeficha ana kazi kubwa zaidi. Aombe kwanza ruhusa ofisi ya kijiji. Asichimbe. Atazame takataka na vijiti vilivyonasa matawini kando ya mto, kwani ndivyo vinavyoonyesha maji ya masika hufika wapi, kisha aweke kopo juu zaidi ya hapo, mbali na manyunyu. Ndani aweke penseli, kwa kuwa wino haushiki kwenye karatasi yenye unyevu. Chakula kisiwemo kabisa: siafu na tumbili watalifikia kabla ya watu.

Juni hadi Oktoba njia hazina tope jingi. Ukitafuta ukakosa, andika hivyo mtandaoni. Watu kadhaa wakikosa mfululizo, mwenye kopo hujua aende akaangalie kama limesombwa.